Shule Inafunguliwa, Baba Hajarudi

Jumapili, 11 Januari 1987

Leo baada ya ibada Mugaruka alisimama mbele ya kikanisa chetu cha udongo akasoma majina ya watoto waliofaulu darasa la saba. Alipofika kwenye jina la Leokadia, sauti ilimkatika. Mume wangu ni katekista. Amezika watu wengi katika kambi hii bila kutetemeka, lakini leo jina la binti yake mwenyewe lilimshinda, na mzee mmoja wa Kinyarwanda ndiye aliyemalizia kusoma.

Leokadia amepata nafasi kwa masera wa Mbarara, shule ya bweni. Masera ni masista. Sisi tuliotoka Bukavu ndivyo tunavyowaita. Hapa Nakivale, kambi hii ya wakimbizi ya Uganda, wengi ni Wanyarwanda; Wakongo ni nyumba chache tu, na miaka inakaribia ishirini. Watoto wetu wawili wamezaliwa hapa. Bukavu wanaijua kwa masimulizi.

Jioni tulisali shapule kama kawaida. Tukimaliza rozari, Mugaruka hutaka kila mtu amshukuru Mungu kwa jambo moja, na hairuhusiwi kurudia la jana. Pasifiki, ambaye ana miaka saba, alishukuru kwa sababu mbuzi wa jirani amekufa na sisi tumepewa mguu. Tulicheka mpaka baba yake akapiga magoti upya ili atutulize. Mimi nilishukuru kwa ajili ya Leokadia, lakini moyoni nilikuwa nimeshaanza kuogopa. Niko hivi tangu tulipokimbia kwetu. Kitu kizuri kikiingia, natazama mlangoni nione kinachokifuata.

Jumatano, 14 Januari

Joto. Ziwa limerudi nyuma, tunateka maji kwenye matope.

Jumamosi, 17 Januari

Ng'ombe wa Tumusiime wameingia tena kwenye mahindi yetu. Tumusiime ni Mnyankore, mwenyeji wa hapa, malisho yake yanapakana na shamba letu, na tangu serikali mpya ishinde vita mwaka jana ndiye mwenyekiti wa RC, baraza la kijiji chao, kwa hiyo siku hizi hata kikohozi chake ni cha kiserikali. Alikuja na fimbo yake begani.

"Hizi ng'ombe hazijui mupaka," alisema. "Mimi nafanya nini?"

"We unajua mupaka," Mugaruka alimjibu. "Uzifundishe."

Walifokeana mpaka jua likazama. Mugaruka amesema Jumatatu anakwenda kushtaki kwa kamanda wa kambi. Nilimsihi aache. Yule mtu ana cheo sasa, na sisi tuko kwenye nchi ya watu. Hakunisikia.

Jumanne, 20 Januari

Kamanda ameamua Tumusiime atulipe magunia ya mahindi. Mugaruka amefurahi, mimi sikulala vizuri.

Alhamisi, 22 Januari

Masera wanataka kila msichana aje na godoro, sanduku la bati, jembe, fagio, ndoo, shuka mbili na sare. Sare anashona Safiyah, fundi wa Mbarara ambaye huninunulia samaki wakavu kila ninapokwenda mjini. Ni Mwislamu, ana cherehani yake barazani, na ulimi mkali kuliko mkasi wake. Alisema, "Lete huyo mutoto nimupime. Masista hawapendi sketi fupi, na mimi sipendi kufumua."

Leokadia anajifungia siku nzima akifunga madaftari kwa magazeti ya zamani. Nilimwuliza kama anaogopa. Alisema hapana. Kisha akaniuliza, "Mama, kule shukrani za mangaribi nitazisema na nani?"

Jumapili, 25 Januari

Mupe, padre wetu, amelazwa Kampala, kwa hiyo Mugaruka ndiye aliyebariki madaftari ya watoto. Aliyanyunyizia maji ya baraka kidogo mno, akiogopa wino usije ukachuruzika. Watoto walipita mmoja mmoja. Aliwaambia kwamba mtoto asiyejua kusema aksanti hata akisoma mpaka Ulaya atabaki bila kusoma.

Nilimtazama nikaona shati lake limeisha shingoni. Nitaligeuza kola.

Jumanne, 27 Januari

Mugaruka amekwenda Mbarara na pikapu ya alfajiri kuchukua sanduku na godoro. Anarudi kesho.

Jumatano, 28 Januari

Hajarudi. Labda gari limeharibika.

Alhamisi, 29 Januari

Dereva wa pikapu amekuja mwenyewe hadi mlangoni. Hakutaka kuketi. Alisema jana walikuwa wakirudi, na kwenye kizuizi cha barabara askari wakawashusha abiria wote. Wakawauliza mmoja mmoja wanatoka wapi. Wanyarwanda walijibu kwa Kinyankore, wakaachwa. Mugaruka akajibu kwa Kiswahili, kile chetu cha Bukavu, kwa haraka, kama anavyosema akiwa na wasiwasi.

Askari akamwambia, "Wewe iko askari ya serikali ya zamani. Hii Kiswahili ulijifunza kwa barakisi."

Wakamtenga. Dereva aliona anapandishwa kwenye lori kuelekea barakisi, kambi ya askari iliyoko nje ya mji. Godoro na sanduku dereva ameniletea. Kwenye sanduku kuna alama ya vidole vya mtu aliyelishika kwa nguvu, vumbi jekundu tupu. Sijaifuta.

Ijumaa, 30 Januari

Nimefikiri mchana kutwa kwa hiyo naandika yote.

Watu wa hapa, wanaposikia Kiswahili, wanasikia bunduki. Siwalaumu. Kila jeshi lililowapora liliwapora kwa Kiswahili. Lakini mimi nilibembelezwa nacho na mama yangu. Nilifundishwa Salamu Maria kwacho. Nitamwelezaje mtu mwenye bunduki kwamba lugha anayoiogopa ndiyo tunayosali nayo tukizima taa?

Halafu naona uso wa Tumusiime. Mwenyekiti wa RC huwaambia askari habari za kila mgeni aliyeko jirani yake. Magunia yale ya mahindi bado hajayaleta. Nani mwingine angesema kwamba Mugaruka ni mtu wa kushukiwa? Leo alipita na ng'ombe wake, akasimama mbali, akatazama nyumba yetu kwa muda mrefu. Niliingia ndani nikafunga mlango.

Majirani wanajua. Hakuna aliyekuja kuomba moto wala chumvi.

Jumapili, 1 Februari

Kanisani tulikuwa wachache. Niliongoza sala mimi mwenyewe kwa kuwa hakukuwa na mwingine. Mama mmoja aliyezoea kuketi karibu nami leo alikaa nyuma kabisa.

Jioni baada ya shapule nilisema, "Haya, shukrani." Nikamgeukia Pasifiki aanze. Akasema, "Mimi leo simushukuru."

Leokadia alimpiga kofi mkononi. Pasifiki hakulia. Alikaza macho kwenye msalaba wa ukutani kama mtu anayemsubiri mdaiwa. Nilisema Amina tukalala.

Jumanne, 3 Februari

Nimerudi kutoka Mbarara sasa hivi. Miguu imevimba.

Kwenye lango la kambi ya askari hawakuniruhusu hata kukaribia. Kando ya barabara kulikuwa na mwanamke kijana aliyekuwa anauza karanga za kukaanga, mtoto mgongoni. Anaitwa Medius, mke wa askari. Nilipoona anaongea na walinzi kwa kucheka nilimchukia papo hapo. Lakini ni yeye aliyenifuata.

"Nyabo, mama, unatafuta nani?"

Nilimwambia jina, nikijuta hata kabla ya kulimaliza. Akaniambia nisubiri. Akaingia na kikapu chake, akakaa sana. Alipotoka alinipimia karanga kama vile nanunua, huku akisema kwa sauti ya chini, "Muzee yuko. Anakula. Afande ya kusikiliza raia anafika Jumatatu, asubuhi tu. Leo ameshaenda. Kuja Jumatatu ingine."

Alikataa kupokea chochote.

Nililala kwa Safiyah. Alinipikia chai nzito yenye tangawizi, akakaa kwenye cherehani yake bila kushona. Akasema, "Mwaka wa sabini na tisa walikuja kwa sisi hivihivi. Walisema Mwislamu wote ni watu ya yule rais aliyetoroka. Bwana yangu Swaib walimuchukua akiwa ameshika sindano." Nikamwuliza alirudi lini. "Alirudi," alisema. "Lakini alikawia kurudi hata baada ya kufika."

Sikumwelewa. Au nilikataa kumwelewa.

Jumatano, 4 Februari

Mwalimu mkuu wa shule ya kambi amenipa ujumbe kutoka kwa masera. Wasichana wa kidato cha kwanza waripoti Jumatatu, kabla ya saa sita mchana. Asiyefika, nafasi yake anapewa mwingine, kwa maana wanaosubiri ni wengi.

Jumatatu. Asubuhi.

Alhamisi, 5 Februari

Upepo, vumbi. Nimegeuza kola ya shati.

Jumamosi, 7 Februari

Leokadia ametoa vitu vyote kwenye sanduku. Nilimkuta ameweka mahindi ndani yake.

"Siendi," alisema. "Baba alikamatwa sababu ya hili sanduku."

"Alikamatwa sababu ya batu wabaya."

"Kama singelifaulu, angelikuwa hapa. Mama, unataka nimushukuru Mungu kwa kufaulu? Nimushukuru namna gani?"

Nilikuwa na maneno ya Mugaruka tayari mdomoni, yote ninayoyajua, ya msalaba na uvumilivu. Hayakutoka. Niliketi chini kando ya sanduku nikaanza kutoa mahindi, konzi kwa konzi, nikimwambia ukweli. Kwamba mimi pia nimeshindwa. Kwamba tangu juzi nikisema aksanti kwenye sala nasikia ninadanganya. "Lakini siwezi kumunyamazia Mungu," nilisema. "Mtu unayemunyamazia ni mtu uliyemuacha. Kama huna shukrani, mwambie hasira. Ile nayo ni kusali."

"Baba angekubali?"

"Baba hayuko. Leo nimekubali mimi."

Jioni Pasifiki alisema, "Mungu, nimekukasirikia. Mulete Baba." Leokadia akasema, "Mimi vilevile." Nami nikasema, "Na mimi." Tukaitikia Amina, na nyumba ikawa nyepesi kidogo, kama mtu aliyetapika.

Kisha Leokadia alipanga upya sanduku, bila mimi kumwambia.

Jumatatu, 9 Februari

Jana tulisafiri sote watatu tukalala kwa Safiyah. Sikuwa nimemwomba kitu. Nilikuwa nimekaa mkekani nikipiga hesabu isiyokubali: lango la kambi liko upande mmoja wa mji, shule iko upande wa pili juu ya kilima, na asubuhi ni moja. Nikienda shule, afande ataondoka. Nikienda kwa afande, nafasi ya mtoto itapotea.

Safiyah alikuwa anatoa nyuzi kwenye pindo la sare ya Leokadia. Akasema bila kuinua uso, "Wewe nenda kwa bwana yako. Huyu mutoto nitapeleka mimi."

"Kwa masera?"

"Masista wanaogopa mutandio? Nimewashonea sketi miaka mingi, leo nitaenda kuona zinavyovaliwa."

Asubuhi niliwaona wakipanda kilima, Safiyah amejitwika godoro, mtandio wake umefungwa vizuri, Leokadia nyuma yake na sanduku kichwani, ndoo na jembe mkononi. Leokadia aligeuka mara moja. Nilimfanyia ishara ya msalaba kwa mbali. Safiyah naye aligeuka, akangoja nimalize, kisha wakaendelea.

Pasifiki nilimwacha kwa Swaib, mimi nikaenda.

Afande alikuwa kijana. Hilo ndilo lililoniogopesha zaidi. Nilitarajia mtu wa umri wa kuchoka. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha shule. Nilimwambia mume wangu ni katekista.

"Mama, kila mutu hapa iko katekista," alisema. "Hii mutu anaongea Kiswahili kama risasi. Alijifunza wapi?"

"Alizaliwa nacho, afande. Na mimi. Ni ya mama zetu."

"Sisi hapa hakuna mama ya Kiswahili."

"Kwetu wako."

Alinitazama. Sijui kama aliona mwanamke jasiri au mjinga. Mwishoni alisema, "Leta raia ya Uganda. Mutu anamujua kutoka zamani, mbele ya vita. Mutu ya RC ni muzuri zaidi. Akisema ni muzuri, tutaona."

"Nikikosa?"

Akaita anayefuata.

Nilirudi kwa Safiyah. Alikuwa amefika tayari, anakula. Alinisimulia yote kwa kujigamba: sista wa mlangoni alimtazama juu mpaka chini, akamwuliza Leokadia, "Huyu ni nani wako?" Na Leokadia akajibu bila kusita, "Ni mama mudogo." Sista akaandika.

"Sasa nina mutoto Mukatoliki," alisema Safiyah. "Mungu anisaidie."

Nilicheka, na kicheko kikageuka. Alinishika kichwa kifuani mpaka kikapita.

Jumanne, 10 Februari

Mtu wa RC anayemjua Mugaruka tangu kabla ya vita ni mmoja tu.

Nilitembea hadi kwa Tumusiime asubuhi. Njia nzima nilikuwa natengeneza maneno ya kumlaani, na maneno ya kumbembeleza, yakachanganyika. Nilimkuta anakamua. Hakuinuka. Alimaliza titi lile, akanipa kiti, akamwita mke wake alete maziwa. Nilikataa. Akasema, "Kunywa kwanza. Mutu hawezi kulia na tumbo kavu."

Nilikunywa. Nikamwambia alichosema afande. Kisha nikamwuliza, kwa sababu nilikuwa nimechoka kulibeba: "Ni wewe ulimusema?"

Aliinuka, nikadhani atanifukuza.

"Nilikuwa na hasira," alisema. "Ile siku ya kamanda, nilitaka apate shida. Nilisema kwa pombe, mbele ya watu: huyu Mukongo anajifanya nani. Watu walicheka. Kama kuna mutu alibeba hiyo neno akapeleka, sijui. Kwa askari mimi sikuenda. Siwezi kuapa zaidi ya hapo, nyabo."

Nilitafuta uongo usoni pake. Sikuupata, wala sikuupata ukweli wote.

"Utakwenda?"

"Nitaenda. Mugaruka nagombana naye tangu ng'ombe zangu zilikuwa mbili. Akifa kule, nitagombana na nani?"

Alhamisi, 12 Februari

Tumusiime amekwenda, amevaa koti la arusi yake.

Ijumaa, 13 Februari

Amerudi peke yake. Wamemsikiliza, wameandika, wamesema angoje. Magunia ya mahindi ameyaleta kwa punda.

Jumapili, 15 Februari

Pasifiki alisali: "Bado nimekasirika, lakini kidogo." Nami niliona aibu kwa sababu hasira yangu bado ilikuwa nyingi.

Jumatano, 18 Februari

Amerudi.

Alikuja kwa miguu kutoka barabarani, saa za mchana, watoto wa jirani wakimfuata kwa mbali. Shati halimtoshi, yaani limemzidi. Nilitoka mbio na mikono ya unga. Alinishika bega, akasema, "Mama Leokadia," basi. Pasifiki alimzunguka mara mbili kabla ya kumgusa, kama anayehakikisha.

Jioni nilisubiri aanze shapule. Hakuanza. Niliongoza mimi. Alikuwa anahesabu punje kwa vidole, midomo imefungwa.

Jumamosi, 21 Februari

Hasemi. Akihitaji maji ananyooshea kidole mtungi. Nimemwelewa Safiyah sasa.

Alhamisi, 26 Februari

Tumusiime alikuja kumwona. Waliketi nje bila neno, kila mmoja akitazama upande wake. Alipoondoka aliacha kibuyu cha maziwa. Nimekuwa nikimwogopa mtu huyu kama nyoka, na leo nilimsindikiza hadi mpakani.

Jumatano, 4 Machi

Leo majivu ya Kwaresima. Mupe amepona, amerudi. Alipompaka Mugaruka paji la uso alimshikilia kichwa kwa muda. Mupe aliniambia nisimharakishe, kwamba kuna shukrani inayokuja kama mtoto anayezaliwa akitanguliza miguu.

Mvua ya kwanza imenyesha jioni. Nyepesi, vumbi tu limelala.

Jumatatu, 9 Machi

Mvua kubwa. Tumepanda maharage. Mugaruka alilima na mimi mstari kwa mstari. Alisema neno "jiwe" nilipokaribia kulipiga. Nimelihesabu kuwa ni mazungumzo.

Jumapili, 15 Machi

Leo ilikuwa siku ya wazazi kutembelea wasichana. Sikumwuliza Mugaruka kama anakuja. Niliamka nikamkuta amevaa. Nilijua maana yake. Kizuizi kile kile kiko njiani, kwenda na kurudi.

Kwenda, askari walikuwa wanakunywa chai, wakatupungia tupite. Mugaruka hakuachia ubao wa pikapu mpaka tukafika mjini.

Leokadia hakumtambua mara ya kwanza. Alikuja kwangu, akanisalimu, akamsalimu na yeye kwa heshima kama mgeni. Kisha akarudi nyuma hatua, akafunika mdomo. Walishikana bila sauti katikati ya uwanja wa masera, wazazi wengine wakitupitia na vikapu vyao. Safiyah alifika na sambusa akiwa na kelele za kutosha watu wote. Alimwambia Mugaruka, "Shemeji, mutoto wetu kwa masista ni mimi nilileta. Usisahau." Mugaruka alimshika mikono yote miwili, akainamisha kichwa. Safiyah akamjaza sambusa mikononi.

Tulipokuwa tunarudi, askari walitushusha.

Mvua ilikuwa inanyunya. Tulipanga mstari. Kila aliyekuwa mbele yetu alijibu kwa Kinyankore, na Mugaruka hakijui zaidi ya salamu. Nilitaka nijibu badala yake. Askari alifika kwake, mtu mzima mwenye mvi kidogo, maji yakimtiririka kwenye kofia.

"Wewe, muzee. Natoka wapi?"

Nilisikia Mugaruka anavuta pumzi. Nilisema moyoni, Ee Mama Maria, asinyamaze. Na papo hapo nikasema, asiseme.

"Nimetoka kuona mutoto yangu ku masomo," alisema. Kwa Kiswahili chetu, kwa haraka, kama kawaida yake.

Askari alimtazama. Mtu aliyekuwa kando yetu alisogea.

"Anasoma muzuri?"

Nadhani Mugaruka alikuwa amejiandaa kwa maswali yote isipokuwa hilo. Kisha akaanza. Alisema kwamba amekuwa wa tatu katika hesabu. Kwamba Kiingereza kinampa taabu lakini masera wanasema ana bidii. Kwamba anaimba sauti ya pili. Kwamba alipokuwa mdogo alijifunza kusoma kwenye mgongo wa mfuko wa unga, na kwamba kuna mama mmoja mjini, Mwislamu, aliyempandisha kilima na godoro kichwani, na jirani mwenye ng'ombe wakorofi, na mke, na akaninyooshea mkono. Majuma yote ya kunyamaza yalimtoka hapo barabarani, kwenye mvua.

Askari aliegemea bunduki yake akamsikiliza. Mara moja alisema, "Wa tatu!"

Abiria wote walikuwa wameshapanda. Dereva alipiga honi, akapiga tena. Mugaruka bado alikuwa anasema.